Fedha za utafiti unaoongozwa na wakazi kuhusu matibabu nafuu: tathmini kutoka Mukuru, Viwandani na Korogocho

Ufadhili wa utafiti ni huduma. Una mtoaji na mpokeaji, una masharti na muda wake, na aliyeupokea ana haki ya kusema kama ulimfaa au haukumfaa. Tathmini nyingi za huduma hii huandikwa na mfadhili mwenyewe au na mshauri anayelipwa naye, kwa hiyo ni nadra kusikia kauli ya mkazi ambaye mlango wake ulibishwa hodi na maisha yake yakaandikwa kwenye dodoso. Makala haya yanaipima huduma hiyo kutoka upande wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, ambako kwa zaidi ya miaka kumi fedha za nje zimelipia utafiti ambao wakazi wenyewe wameuongoza, au angalau wameahidiwa kuuongoza. Hukumu yangu naitoa mapema. Fedha zilizowafikia wakazi kabla ya maswali kutungwa zimeleta maarifa ambayo utafiti wa kawaida haujawahi kuyapata. Zilizowafikia baada ya maswali kutungwa ziliajiri vibarua wa kujaza fomu, na hazistahili kuitwa ufadhili wa utafiti wa jamii hata kama ripoti zake zimepambwa kwa picha za wakazi wanaotabasamu.

Nianze na Mukuru, kwa kuwa ndiko huduma hii ilikotolewa kwa namna iliyokaribia sana kuwa sahihi. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zimebanana kando ya eneo la viwanda la Nairobi, katika ardhi ambayo sehemu yake kubwa iligawiwa watu binafsi na kampuni, huku wakazi wakiishi humo kama wapangaji wa vyumba vya mabati. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililozaliwa mwaka 1996 katika harakati za kupinga ubomoaji, ulikuwa umejenga desturi ya wakazi kujihesabu wenyewe: vijana na akina mama wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba, huandika namba ya kila jengo kwa rangi kwenye mabati, huuliza nani anaishi humo, analipa kodi kiasi gani, maji anayateka wapi na choo anachotumia kiko umbali gani. Kwa hiyo kituo cha Canada cha utafiti wa maendeleo, IDRC, kilipofadhili utafiti kuhusu haki na huduma za msingi katika mitaa hiyo, fedha zake ziliwakuta watu ambao tayari wanajua kuuliza. Waliokuja kushirikiana nao, yaani Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore, Katiba Institute na Akiba Mashinani Trust, walileta wanasheria, wapangaji miji na wachumi, lakini hawakuanza kwenye ukurasa mtupu.

Utafiti huo ulionyesha jambo ambalo wakazi walikuwa wakiliishi bila kuwa na takwimu za kulithibitisha mbele ya serikali: mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme kwa bei ya juu kuliko mkazi wa mtaa wa jirani uliopangwa, ilhali anapata huduma hafifu zaidi. Watafiti waliita hali hiyo adhabu ya umaskini. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, na makundi ya wataalamu yakaundwa kwa kila sekta, afya ikiwa mojawapo, yakihusisha zaidi ya mashirika 40. Kilichonivutia zaidi ni namna wakazi wenyewe walivyopangwa. Kaya 10 ziliunda kikundi kimoja kilichoitwa Tujuane Tujengane, vikundi 10 vikaungana kuwa kundi kubwa zaidi, na hivyo hivyo hadi mtaa mzima ukawa na wawakilishi waliojulikana kwa sura na kwa jina. Katika eneo lenye kaya zipatazo 100,000, huo ndio utaratibu pekee ninaoujua ambao ungeweza kumfikia mgonjwa asiyetoka chumbani, mlemavu asiyeweza kuvuka mtaro na msichana mdogo anayelea wadogo zake, kwa kuwa majirani tisa wanajua kwamba yupo.

Umuhimu wa utaratibu huo unaonekana hasa katika suala la gharama za matibabu, na hapa ningependa kukaa kidogo. Dodoso la kawaida humuuliza mgonjwa alilipa kiasi gani katika kituo cha afya. Chukua mfano wa mama mzee mwenye shinikizo la damu. Katika zahanati ya umma anaweza kujibu kwamba hakulipa chochote, na mtafiti ataandika sifuri kwa moyo mweupe. Majirani zake wanajua mengine. Wanajua kwamba siku ile dawa hazikuwapo, akaandikiwa karatasi aende duka la dawa. Kwamba mkononi alikuwa na pesa za vidonge vya siku tatu tu, navyo akakatiwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake. Kwamba siku ya nne alikaa bila dawa akisubiri mwanawe alipwe kibarua. Kwamba mjukuu aliyemsindikiza hakwenda shule. Na kwamba presha ilipopanda usiku, walichangishana nauli ya teksi kwa sababu bodaboda isingemfaa mtu aliyeishiwa nguvu. Hakuna hata moja kati ya gharama hizo iliyotozwa na zahanati, na zote ni gharama za matibabu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na anayetaka kuijua gharama ya kuugua Viwandani hana budi kuwapa walioonja adhabu hiyo nafasi ya kutunga maswali.

Mfano mwingine uko mbele yetu sote tangu Oktoba 2024, wakati Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwapo awali. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Asiye na mshahara hutathminiwa uwezo kwa kuulizwa kuhusu nyumba anayoishi, vitu anavyomiliki, maji na choo anachotumia, kisha hupangiwa mchango ambao kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Chini ya NHIF mtu kama huyo alitakiwa kutoa shilingi 500, kwa hiyo kwa kuangalia karatasi tu mtu atasema kwamba bima imekuwa nafuu. Tatizo ni kwamba mchango huo ulitakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 hata kwa aliye kwenye kiwango cha chini kabisa, na mfua nguo anayelipwa kwa siku hawezi kuzikusanya pamoja kwa sababu kodi ya nyumba, chakula na karo huziwahi kabla hazijafika nusu. Baadaye serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole (SHA ni mamlaka inayosimamia bima hiyo) ili mtu akopeshwe mchango huo na aulipe kidogo kidogo. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, kikundi chochote cha kaya 10 kingeulizwa mapema, kingesema siku ya kwanza kwamba kikwazo ni mkupuo na wala si kiwango. Utafiti wa aina hiyo ungegharimu fedha kidogo mno ukilinganisha na gharama ya kurekebisha mfumo wa taifa uliokwisha kuanza kazi.

Ufadhili wa pili ninaoupima ni ule wa ARISE, mradi wa miaka mitano wa utafiti wa afya katika mitaa ya mabanda, ulioanza 2019 katika nchi za Bangladesh, India, Kenya na Sierra Leone, ukiongozwa na Liverpool School of Tropical Medicine na kulipiwa na UKRI, shirika la serikali ya Uingereza linalofadhili utafiti. Nchini Kenya washirika wake walikuwa APHRC, kituo cha Afrika cha utafiti wa idadi ya watu na afya, pamoja na mashirika ya LVCT Health na SDI Kenya. Korogocho na Viwandani hazikuwa ngeni kwa watafiti, kwa kuwa APHRC imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji katika mitaa hiyo miwili tangu 2002, na wakazi wengi walikuwa wamekwisha kuchoka kuulizwa maswali yale yale. ARISE ilibadilisha mwenendo huo kwa kuwafanya wakazi kuwa watafiti wenza, na kwa kuwachagua kwa makusudi watu ambao takwimu za wastani huwameza: wazee, watu wenye ulemavu na kaya zinazoongozwa na watoto. Mbinu mojawapo ilikuwa kuwapa watu hao nafasi ya kupiga picha za maisha yao na kuzieleza wenyewe. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akipiga picha ya kichochoro chenye upana usiotosha kiti chake, halafu akaeleza kwamba zahanati iko upande wa pili wa mtaro ulio wazi, amesema kuhusu upatikanaji wa huduma za afya jambo ambalo ramani ya vituo haiwezi kulisema, kwa kuwa kwenye ramani zahanati hiyo iko karibu naye kabisa.

Nauheshimu mradi huo, na kwa sababu hiyo udhaifu wa chanzo chake cha fedha unaniuma. Novemba 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, na Machi 2021 UKRI ikawaarifu watafiti kwamba kuna pengo la pauni milioni 120 kati ya fedha ilizokuwa imeahidi na zile ilizopewa. Miradi ya kimataifa iliyokuwa katikati ya safari ililazimika kupangwa upya. Mkataba wa aina hiyo unapovunjwa, chuo kikuu cha Ulaya hupunguza safari na kuchelewesha machapisho. Mtafiti mwenza wa Korogocho hupoteza posho, na zaidi ya posho hupoteza sura mbele ya majirani aliowaambia kwamba safari hii mambo yatakuwa tofauti. Hasara hiyo ya pili haimo katika hesabu ya mfadhili yeyote, ingawa ndiyo inayoamua kama mlango utafunguliwa mradi unaofuata utakapokuja.

Kuhusu namna ya kuzipata fedha hizi, siwezi kuwapa wafadhili alama nzuri. Niliwahi kukisaidia kikundi kimoja cha wakazi, wengi wao watu wenye ulemavu, kuomba ruzuku kwa mfadhili wa kimataifa ambaye tangazo lake lilisema wazi kwamba linawalenga watu waliotengwa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza peke yake, na ilijazwa kwenye tovuti iliyojifunga kila mtandao wa simu ulipoyumba. Iliomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kutoka kwa kikundi ambacho fedha zake zilikuwa michango ya wanachama iliyoandikwa kwa uadilifu kwenye daftari, kila ukurasa ukiwa na saini za mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kikundi hicho kilikuwa kimesajiliwa kihalali kama kikundi cha jamii, lakini cheti chake hakikuwa miongoni mwa aina za taasisi ambazo fomu ilizitambua. Mwishowe tuliambiwa tutafute shirika kubwa litakalopokea fedha kwa niaba yetu. Likapatikana, likachukua sehemu yake ya gharama za uendeshaji, likamweka mfanyakazi wake kuwa mtafiti mkuu, na wale waliolianzisha wazo wakaandikwa kama wahamasishaji. Hakuna aliyevunja sheria wala kanuni, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba kanuni zenyewe zimeandikwa kwa ajili ya wenye ofisi.

Wapo wanaosema kwamba masharti hayo ni ya lazima kwa kuwa fedha za umma hazitolewi kwa kuaminiana. Nakubaliana nao kwa sehemu. Hesabu ni lazima ziwekwe, na kila shilingi iwe na risiti. Vilevile siungi mkono wanaotaka utafiti wa wakazi uondolewe katika masharti ya maadili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka utafiti upate kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kamati za maadili zipo ili mtu aliyeeleza ugonjwa wake kwa siri asije akausikia ukizungumzwa bombani anapochota maji. Hatari hiyo ni kubwa zaidi muulizaji anapokuwa jirani. Ninachokidai ni kwamba mfadhili anayetaka vibali avilipie waziwazi katika bajeti, alipie pia mhasibu wa muda wa kukisaidia kikundi kuweka vitabu, na akubali maombi yaandikwe kwa Kiswahili au yatolewe kwa sauti. Muungano wa Wanavijiji umekuwa ukiendesha vikundi vya akiba vya mtaani kwa miaka mingi kwa vitabu vinavyosomwa hadharani mbele ya wanachama wote. Uwajibikaji wa namna hiyo ni mkali kuliko wa mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka, na mfadhili makini angejifunza kuutambua.

Malipo ya watafiti wenza yanastahili neno la peke yake. Katika miradi mingi niliyoiona kwa karibu, msaidizi wa utafiti mwenye shahada hupewa mshahara wa mwezi na bima ya afya, ilhali mkazi anayefanya naye kazi hiyo hiyo, na anayemfungulia milango ambayo peke yake asingeifikia, hupewa posho ya siku kwa M-Pesa, tena baada ya kukumbusha. Utafiti unaouliza kwa nini maskini hawamudu bima, ukiwa unawatumia maskini wasio na bima kukusanya majibu, umeshindwa mtihani wake wenyewe. Serikali yenyewe ilifika mahali ikakiri kwamba kazi ya jamii si kazi ya bure: Septemba 2023 ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi zinazochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Kiasi hicho ni kidogo, lakini angalau kimeandikwa katika bajeti na mtu anaweza kukidai.

Swali la matokeo ni gumu zaidi, na majibu yake hayalingani. Mwaka 2020 rais aliagiza hospitali 24 zijengwe katika mitaa ya mabanda ya Nairobi chini ya Nairobi Metropolitan Services, idara ya muda iliyokabidhiwa baadhi ya huduma za jiji, na baadhi yake zikajengwa Mukuru. Barabara, maji na mabomba ya majitaka pia yaliingia, yakikuta mpango ambao wakazi walikuwa wamekwisha kuujadili kikundi kwa kikundi. Utafiti uliotangulia uliwapa wajenzi mahali pa kuanzia, na kwa kipimo changu hayo ni mafanikio makubwa kwa fedha za utafiti. Jengo, hata hivyo, si matibabu. Nani anahakikisha kwamba miaka kadhaa baadaye kabati la dawa halina rafu tupu, kwamba mhudumu anayejua lugha ya alama yupo, kwamba kijana asiye na kitambulisho hafukuzwi kwenye dirisha la usajili? Kazi hiyo ya kufuatilia ndiyo ambayo wafadhili huipenda kwa uchache, kwa sababu haina uzinduzi wala utepe wa kukata.

Afrika Kusini wameijaribu kwa upana. Tangu 2019 mradi wa Ritshidze, unaoendeshwa na mashirika ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, umekuwa ukipeleka wafuatiliaji wa jamii katika mamia ya zahanati za umma, wakihesabu muda wa kungoja, dawa zilizokosekana na namna wagonjwa walivyosemeshwa, kisha wakiyapeleka matokeo kwa wakuu wa zahanati na wa mikoa. Sehemu kubwa ya kazi ya namna hiyo barani imelipiwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kila ufuatiliaji uliotegemea mfuko huo mmoja uliingia mashakani, sawa na vile watafiti wa 2021 walivyoingia mashakani kwa uamuzi wa London. Mara mbili katika miaka minne ni ishara ya kutosha kwamba kasoro hii imo katika muundo wenyewe wa huduma.

Kwa hiyo ninaipendekeza huduma hii kwa vikundi vya wakazi, kwa tahadhari. Ombeni ruzuku ambayo kipindi chake cha kwanza kinalipia mikutano ya kutunga maswali, na mkiambiwa kwamba dodoso limekwisha kuandaliwa, jiulizeni kama mnachokitaka ni utafiti au ni ajira ya muda, kwa maana ajira nayo si haramu mradi muiite kwa jina lake. Kabla ya kutia saini, hakikisheni mkataba unataja nani atahifadhi takwimu mradi ukiisha, na kwamba nakala itabaki mtaani katika umbo ambalo katibu wenu anaweza kulifungua kwa simu yake. Shirika likipokea fedha kwa niaba yenu, gharama zake za uendeshaji ziandikwe kwa tarakimu, na malipo ya watafiti wenza yawe na tarehe.

Kwa upande wa nyumbani, ile Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Hazina ya Taifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, kiwango ambacho bajeti zetu hazijakikaribia. Hata sehemu ndogo yake, ikitolewa kwa vikundi vya wakazi kupitia kaunti, ingeuondoa utafiti huu katika rehema ya mabunge ya mbali. Pia ipo njia ya karibu zaidi. Tangu 2023 sheria inaviruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia kwa mahitaji yao, na kamati za usimamizi za vituo hivyo zina wawakilishi wa jamii. Kamati inaweza kutenga kiasi kidogo kila robo mwaka kwa wakazi wanaohesabu dawa zilizokosekana na wagonjwa waliorudi nyumbani bila kutibiwa, kisha hesabu hiyo ikasomwa katika kikao kile kile kinachopanga ununuzi wa dawa wa robo inayofuata.